Giza Lililo Kifuani

Hadithi za Kigothi zilianza kwa kofia ya chuma. Horace Walpole, mwana wa Sir Robert Walpole aliyepata kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alitoa kitabu chake The Castle of Otranto mwishoni mwa mwaka 1764, na katika kurasa zake za mwanzo bwana arusi kijana alipondwa na kofia ya vita iliyoanguka kutoka juu, kubwa kuliko kichwa cha binadamu ye yote. Mtungaji mwenyewe alijificha. Toleo la kwanza lilidai kuwa ni tafsiri ya maandishi ya kale ya Kitaliano; ilipoonekana kuwa watu wamelipenda, ndipo alipotoa toleo la pili mwaka 1765, akakiri kuwa mtungo ni wake na akauita hadithi ya Kigothi. Wagothi walikuwa taifa la kale, lakini watu wa karne ya 18 waliazima jina lao kwa kila kitu cha zama za kati, hasa majumba ya mawe yenye matao yaliyochongoka, na kwa kila kitu kilichokuwa na giza, ukungu na umri.

Kwa muda wa miaka sabini na zaidi baada ya kofia hiyo, hofu katika vitabu vya namna hii aghalabu ilikaa nje ya mtu. Ilikaa katika kasri lenye milango ya siri, katika makaburi ya watawa, katika milima ya Italia ambayo wasomaji wengi wa London hawakupata kuiona. Ann Radcliffe, aliyetoa The Mysteries of Udolpho mwaka 1794, alikuwa hata na desturi ya kueleza mwishoni kuwa kila kilichodhaniwa mzuka kilikuwa na sababu ya kawaida. Msomaji alitetemeka kwa raha. Alipofunga kitabu, uovu ulibaki ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya karne, naye akazima mshumaa wake akiwa mtu mwema kama alivyokuwa kabla ya kuuwasha.

Aliyeiharibu raha hiyo kuliko wengi ni Mmarekani, Edgar Allan Poe, aliyezaliwa Boston mwaka 1809 na kufa Baltimore mwaka 1849, umri wake miaka arubaini. Wahakiki walimlaumu kuwa aliwafuata Wajerumani, ambao siku zile walisifika kwa visa vya mizuka. Katika dibaji ya mkusanyo wake wa mwaka 1839 alijibu kuwa hofu aliyoiandika haikutoka Ujerumani bali ilitoka katika roho ya mtu. Jibu hilo ni fupi, lakini lilihamisha makao ya hadithi za Kigothi. Kasri lilibaki mara nyingine, kama lile la Usher. Lakini mwenye kutisha hakuwa tena mgeni aliyejificha ndani yake. Alikuwa mwenye nyumba.

Ufupi wa kisa ulikuwa sehemu ya hila hiyo. Mwaka 1842, alipokuwa akihakiki visa vya Nathaniel Hawthorne, Poe alieleza kuwa kisa chafaa kisomeke kwa kikao kimoja, cha nusu saa mpaka saa mbili, ili shughuli za dunia zisiingie kati na kuivunja nguvu yake. Wanafunzi wengi hulichukua neno hili kuwa kanuni ya ufundi, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Lina maana nyingine pia. Katika riwaya ndefu watu huingia na kutoka. Mwovu akisema lake, mwingine husema lake, na msomaji huketi kama hakimu mwenye mashahidi. Katika visa vya Poe vilivyo vikali kuliko vyote hakuna shahidi. Mlango umefungwa, na ndani wamo wawili tu: muuaji asemaye na msomaji amsikilizaye.

Hapa ndipo linapofaa kuulizwa swali ambalo aghalabu haliulizwi. Husemwa mara kwa mara, katika vitabu vya uhakiki na katika vyumba vya mafunzo, kwamba visa vya Kigothi vyafundisha kuwa tabia ya binadamu ina upande wa giza. Neno hili hupokewa kama tunda la hekima lililochumwa mwishoni mwa kusoma. Lakini ndani ya visa vyenyewe, ni nani alisemaye?

Katika The Black Cat, yaani Paka Mweusi, kilichopigwa chapa mwezi Agosti 1843, alisemaye ni mtu atakayenyongwa kesho. Aeleza kuwa tangu utoto wake alikuwa mpole, mwenye kupenda wanyama hata akachekwa na wenzake. Alioa mke mwenye tabia kama yake, wakafuga paka mkubwa mweusi aliyeitwa Pluto. Kisha ulevi ukaingia nyumbani. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamkamata paka kwa nguvu, paka akamwuma kidogo mkononi kwa hofu. Naye akatoa kisu kidogo mfukoni akaling'oa jicho moja la mnyama yule. Kufika hapa msomaji anaweza bado kusema kuwa ni pombe. Lakini jambo la pili halikufanywa kwa pombe. Asubuhi moja, akili yake ikiwa timamu, alimtia paka kitanzi shingoni akamtundika katika tawi la mti, huku machozi yakimtoka. Alimtundika kwa sababu alijua kuwa paka alimpenda. Alimtundika kwa sababu alijua kuwa hakumkosea. Alijua kuwa atendalo ni dhambi, na kujua huko ndiko kulikokuwa sababu ya kulitenda.

Jina ambalo Poe alilipa jambo hili kwa Kiingereza halina mwenzi kamili katika Kiswahili, na kila mfasiri atakayejaribu kulihamisha atajikwaa hapo. Ukaidi haufai, kwani mkaidi sharti awe na mtu aliyemwamuru asimtii. Paka hakumwamuru mtu. Inda haifai, kwa sababu mwenye inda humtakia mwenziwe shari ili apate kumkomoa, na huyu bwana hakuwa na la kumkomoa paka. Husuda hutazama mali au heshima iliyo kwa mwingine. Kisasi hudai deni. Waliosoma dini pwani watakumbuka nafsi iamrishayo maovu, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi. Lakini nafsi hiyo, kama inavyosemwa kwa kawaida, humvuta mtu kwenye utamu fulani, uwe wa tumbo, wa mwili au wa sifa. Muuaji wa Poe hakuona utamu. Alilia. Jambo alilolieleza ni kutenda uovu kwa kuwa ni uovu, bila faida, bila hasira, bila hata raha. Na huenda ni heshima kwa lugha kutokuwa na neno moja la kulichukua.

Sasa msomaji aangalie muuaji anavyolieleza. Hasemi kuwa hilo ni lake peke yake. Asema kuwa ni moja ya misukumo ya asili katika moyo wa binadamu, kisha humgeukia msomaji na kumwuliza ni nani ambaye hajapata mara mia kutenda jambo baya au la kipuuzi kwa sababu tu alijua kuwa hapaswi kulitenda. Swali lina ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye ndoano. Msomaji mnyofu hukumbuka ahadi aliyoivunja bila haja, neno kali alilomwambia mzazi mzee na huku akijua kuwa atajuta, akajibu moyoni kuwa naam, ndivyo. Akishajibu hivyo, amekwisha kuitwa ndugu. Deni la mtu mmoja limegawanywa kwa wanadamu wote, na fungu la kila mmoja limekuwa dogo sana.

Yanayofuata yathibitisha alivyofaidika kwa mgawanyo huo. Nyumba ilichomeka usiku ule ule. Paka wa pili alitokea, naye ana jicho moja, na kifuani ana baka jeupe lililojichora pole pole mpaka likawa sura ya mti wa kunyongea. Siku moja, katika ngazi ya chumba kilicho chini ya nyumba, yule bwana aliinua shoka ampige paka. Mke akamzuia mkono. Naye akalipiga shoka katika kichwa cha mke. Kifo cha mke kimetengewa maneno machache kupita kiasi, na mara mazungumzo yahamia kwenye matofali na chokaa, namna maiti ilivyojengewa ukutani. Paka wa kwanza ana jina. Mke hana jina tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyekuwa na fasaha ndefu juu ya asili ya moyo wa binadamu hakupata nafasi ya kutaja jina la mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Huu ni ushahidi, na Poe aliuacha makusudi pale ambapo msemaji mwenyewe hawezi kuuona.

Hata askari walipofika siku ya nne, hawakugundua kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesifia uimara wa kuta na kuugonga kwa fimbo ukuta ule ule, hata sauti ikalia kutoka ndani. Alikuwa amemjengea paka humo pamoja na maiti.

Wako watu wanaokimbia kisa hiki kwa mlango mwingine. Husema kuwa Poe mwenyewe alikuwa mlevi na mwenda wazimu, basi aliandika yaliyomsibu. Sifa hiyo mbaya kwa sehemu kubwa ilienezwa na Rufus Griswold, aliyeandika tanzia yenye sumu katika gazeti la New York siku mbili tu baada ya kifo cha Poe, kwa jina la bandia, kisha akaandika habari za maisha yake na kuzitia barua alizozighushi. Poe alikunywa pombe, na ilimdhuru, hilo halikataliwi. Lakini msomaji asemaye kwamba giza lote lilikuwa la Poe amefanya kinyume cha yule muuaji na kupata nafuu ile ile. Mmoja atupa deni kwa watu wote, mwingine alitupa kwa mtu mmoja aliyekwisha kufa, na wote wawili waondoka bila kulipa.

Katika The Tell-Tale Heart, kisa cha moyo unaotoa siri, cha Januari 1843, akili ndiyo iliyoajiriwa kuufanya uovu. Msemaji akana wazimu kwa kutoa hoja: mwenda wazimu hana mpango, naye alikuwa na mpango, kwa hiyo si mwenda wazimu. Alimpenda yule mzee. Mzee hakumkosea, wala hakutamani dhahabu yake. Lililomchukiza ni jicho moja la mzee, la buluu iliyofifia, lenye utando. Kwa usiku saba alifungua mlango saa ya usiku wa manane akaingiza kichwa chake pole pole, akiwa na taa iliyofunikwa, akaachia uzi mmoja wa mwanga. Na kila asubuhi aliingia chumbani kwa moyo mkunjufu akimwita mzee kwa jina na kumwuliza amelalaje. Usiku wa nane alimwua. Alikata maiti vipande, akaviweka chini ya mbao tatu za sakafu, na akajisifu kuwa hapakuwa na doa la damu. Utaratibu ni kamili. Kama mtu angeambiwa atoe mfano wa kazi iliyofanywa kwa subira, kwa usafi na kwa hesabu, asingepata mfano ulio bora, ila tu kwamba kazi yenyewe ni mauaji. Katika The Cask of Amontillado, cha mwaka 1846, Montresor ataja maelfu ya madhara aliyotendewa na Fortunato, wala haelezi hata moja; miaka hamsini imepita, na hoja yake ya kumzika mtu hai ingali na madai yasiyo na hati.

Hawthorne alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Salem, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1804, na mbele yake palikuwa na jambo ambalo Poe hakuwa nalo: babu wa babu yake, John Hathorne, alikuwa mmoja wa mahakimu waliowahoji washitakiwa wa uchawi mwaka 1692. Watu 19 walinyongwa katika kesi zile, na mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashitaka. Mtu wa mwisho aliyekuwa bado na hukumu hiyo katika kumbukumbu za serikali, Elizabeth Johnson, alisafishwa jina mwaka 2022, baada ya miaka 330.

Kisa chake Young Goodman Brown, cha mwaka 1835, chahusu kijana wa mji huo aliyeaga mkewe jua likichwa ili aende mwituni kwa shughuli asiyotaka kuisema. Mke aitwa Faith, yaani Imani, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa mchezo huo, kwa kuwa hata huku mabinti huitwa hivyo. Njiani alikutana na mzee mwenye fimbo mfano wa nyoka, ambaye sura yake ilifanana na yake Brown mwenyewe. Kidogo kidogo akawaona, au akadhani amewaona, watu wote aliowaheshimu wakielekea kwenye mkutano wa shetani: bibi aliyemfundisha katekisimu, shemasi, mchungaji. Utepe wa waridi wa mkewe ukaanguka kutoka hewani. Katikati ya mwitu, penye miali ya moto, msimamizi wa mkutano akawatangazia waliohudhuria kuwa uovu ndio asili ya binadamu, na kuwa tangu sasa wataijua siri ya kila mwenzao. Brown akamlilia mkewe atazame mbinguni. Mara akajikuta yu peke yake, na mwitu umenyamaza.

Hawthorne hakusema kama ilikuwa ndoto. Alisema yaliyofuata. Brown alirudi mjini asubuhi akamwepuka mchungaji, akamnyakua mtoto mikononi mwa bibi wa katekisimu kana kwamba amnyakua kwa shetani, akampita mkewe njiani bila salamu. Aliishi miaka mingi, akapata watoto na wajukuu, na hakumwamini mtu tena. Wanafunzi hupenda kubishana kama watu wa Salem walikuwa waovu kweli. Ubishi huo ni mtamu lakini hauna mwisho, kwa sababu ushahidi wote umetoka katika macho ya Brown. Lililo wazi ni jingine: neno la kuwa uovu ndio asili ya binadamu limetamkwa na shetani, na Brown, ambaye alikataa ubatizo wa shetani, alikubali mafundisho yake.

Kuna jambo dogo katika kisa hiki ambalo lafaa kusomwa polepole. Miongoni mwa wachawi wa mwituni Hawthorne alimtaja Martha Carrier kuwa ndiye aliyeahidiwa umalkia wa jehanamu. Martha Carrier alikuwa mtu wa kweli, mama wa watoto, na alinyongwa mwezi Agosti 1692. Uvumi juu ya umalkia ulitoka katika mashitaka yake. Mjukuu wa hakimu alimweka mwanamke yule mwituni kama washitaki wake walivyomweka, akamwacha msomaji amwone kwa macho ya Brown. Je, msomaji atakuwa amelisadiki? Wengi husoma sentensi hiyo wakapita, na kwa muda wa kupita huko wameketi katika baraza la Salem.

Jambo hili si la Salem peke yake, na msomaji wa Afrika ya Mashariki hapaswi kulisoma kama habari za mbali. Katika Usukuma, kwenye vijiji vya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na mara nyingi dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Wekundu huo ni wa moshi. Mwanamke aliyepika kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini, akawalisha watoto wa ukoo mzima, alihukumiwa kwa macho yaliyoharibiwa na kazi ile ile ya kuwalisha. Waliowaua hawakujiona kuwa upande wa giza. Walijiona, kama Brown, kuwa watu waliogundua giza la wenzao.

Robert Louis Stevenson alizaliwa Edinburgh mwaka 1850 na kusoma katika chuo kikuu cha mji huo, na kisa chake The Body Snatcher, kuhusu wezi wa maiti, kilichotoka Desemba 1884, ndicho ambacho watu wa vyuo wangepaswa kukisoma kabla ya vingine. Nyuma yake kuna habari ya kweli. Mapema katika karne ya 19 sheria iliwapa walimu wa tiba miili ya wauaji walionyongwa tu, nayo haikutosha. Wanafunzi walikuwa wengi, na maiti ikawa bidhaa. Mwishoni mwa mwaka 1827 William Burke na William Hare walimwuzia Dk. Robert Knox, mwalimu maarufu wa elimu ya mwili, maiti ya mpangaji aliyekufa kwa maradhi, wakapewa paundi 7 na shilingi 10. Walipoona bei, hawakungoja maradhi tena. Katika mwaka 1828 waliua watu 16. Burke alinyongwa Januari 1829, Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiliwa, Knox hakushitakiwa. Sheria mpya ya mwaka 1832 ndiyo iliyoivunja biashara ile. Mifupa ya Burke imehifadhiwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Edinburgh.

Katika kisa cha Stevenson mwalimu huitwa Bwana K. tu, na wala haonekani. Mwenye kazi ni msaidizi wake Fettes, mwanafunzi mwepesi wa kushika masomo, mwenye adabu mbele za watu, apendwaye na walimu. Kazi yake ni kufungua mlango kabla ya mapambazuko, kupokea kilicholetwa na kulipa. Ameagizwa asiulize maswali. Asubuhi moja alipokea maiti ya Jane Galbraith, msichana aliyemwona jana yake akiwa mzima na mchangamfu. Aliona alama mwilini. Akamwendea mkubwa wake, daktari kijana Macfarlane, naye hakukanusha. Alimwambia tu kuwa wote wamekwisha kuwa ndani ya jambo hilo, na kuwa maiti zao zote, ukweli ukisemwa, ni za watu waliouawa. Fettes akanyamaza, kazi ikaendelea.

Baadaye Macfarlane alileta maiti yake mwenyewe, ya mtu aitwaye Gray ambaye alikuwa akimtawala na kumdhalilisha. Jambo alilolisisitiza halikuwa siri. Lilikuwa malipo. Fettes sharti amlipe, kwani hesabu za daftari hazina budi kulingana. Fettes akatoa fedha katika kabati la mwalimu, akaandika tarehe, namna ya kitu kilichopokewa na kiasi kilicholipwa. Kisha Macfarlane akampa yeye fedha hizo azitie mfukoni. Watu wengine wa Kigothi husaini mkataba na shetani kwa damu. Huyu alisaini kwa wino wa daftari la chuo, na mwandiko wake, bila shaka, ulikuwa mzuri. Siku chache baadaye viungo vya Gray viligawiwa kwa wanafunzi, nao wakavipokea bila neno; kijana mmoja aitwaye Richardson alifurahi sana kwa kuwa alipata kichwa.

Macfarlane naye ana falsafa. Amwambia Fettes kuwa duniani kuna watu wa aina mbili, simba na kondoo, na kwamba kondoo huishia mezani kama Gray na Jane Galbraith. Ni fundisho lile lile lililotoka kwa mtu wa kunyongwa na kwa msimamizi wa mwituni, limevaa koti la daktari. Fettes alifarijika kwa kusikia hayo, akawa simba kwa muda wa majuma kadhaa. Stevenson alimwonyesha msomaji mwisho wake mapema, katika ukurasa wa kwanza: mlevi mzee katika baa ya mji mdogo wa Debenham, aliyesahauliwa na watu, na Macfarlane ni daktari mkubwa wa London.

Usiku wa mwisho wawili hao walikwenda makaburi ya Glencorse kumfukua mke wa mkulima aliyesifika kwa siagi yake na kwa ucha Mungu wake. Mvua ilinyesha. Walimtia katika gunia, wakamweka katikati yao kwenye gari la farasi, na kila gari lilipotikisika maiti ilimwegemea huyu au yule. Mbwa walilia njia nzima. Polepole wakaanza kuhisi kuwa umbo lililo chini ya gunia limebadilika, kuwa si la mwanamke tena. Wakasimamisha gari wawashe taa. Fettes akaishika, Macfarlane akafunua uso, nao walikuwa wanaujua uso ule: ni Gray, ambaye walimkata vipande na kumgawa zamani. Wakapiga ukelele wakaruka chini, kila mmoja upande wake. Taa ikaanguka ikazimika. Na farasi, kwa kushtuka, akashika mbio kuelekea Edinburgh, na ndani ya gari hamna mtu ila yeye.